Chumba Kisicho na Mbu

Kilosa, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Eliwaza,

Nisamehe kwa kunyamaza muda mrefu. Najua ni jambo la ajabu kumwomba radhi kwa kunyamaza mtu ninayekaa naye nyumba moja, tena ninayekula naye meza moja. Lakini tangu uliporudi kutoka Dumila na zile kompyuta mbili zilizokufa, baina yetu halijapita neno ila shikamoo yako na marahaba yangu. Umeniamkia kila asubuhi bila kukosa, hata siku ambazo macho yako yalikuwa mekundu, nami nimeitikia kila asubuhi, kisha kila mmoja akashika njia yake. Mama yako anasema nyumba yetu imekuwa kama ofisi ya serikali: watu wanasalimiana vizuri, halafu hakuna anayehudumiwa.

Sasa hivi umekwenda kanisani kuagana na wanakwaya wenzako. Mama yako yuko uani anakukaangia karanga za safari. Mizigo yako imepangwa sebuleni mbele yangu. Naiona konsoli, ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, umeifunga ndani ya kanga ya mama yako kama ulivyokuwa ukiifunga Dumila. Kando yake ipo kompyuta mpya uliyoiunga mwenyewe, kipande baada ya kipande. Naandika badala ya kusema kwa sababu nikianza kusema nitageuka mwalimu, nawe utageuka mwanafunzi anayengoja kengele ilie. Mambo ya kula, kuvaa na kufunga milango nayaacha. Mama yako atakuambia, na mengi unayajua kuliko sisi.

Mimi nina jambo moja. Usilale katika chumba ulichopanga Mikumi. Usilale humo hata usiku mmoja. Nitakueleza sababu kwa utaratibu, maana nikikuamuru bila kueleza utafanya kama ulivyofanya mara ya kwanza nilipokuamuru, nami sitakuwa na haki ya kukulaumu.

Unakumbuka swali lililoanzisha yote. Ulikuja na kiti chako, ukakaa mbele yangu, ukasema: "Baba, nataka kufungua chumba cha gemu. Nianze na kompyuta au konsoli? Nisaidie kupima." Sikuwa najua lolote kuhusu vitu hivyo, lakini uliponiambia nikusaidie kupima nilifurahi, kwa kuwa kupima ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote: huyu amepata ngapi, yule amekosea wapi. Tukaenda pamoja kwa fundi Shabani, karibu na soko. Nilimwamuru atueleze tofauti ya prosesa na kadi ya grafiki kwa lugha ya watu. Naye, kwa vile nilimfundisha akiwa mdogo, akaona amepata nafasi yake.

"Mwalimu," akasema, "prosesa ni wewe. Kadi ya grafiki ni darasa lako."

"Fafanua."

"Wewe unapanga. Huyu akimbie, mpira uende kule, refa apulize filimbi. Darasa ndilo linalochora. Wanafunzi wengi, kila mmoja na kipande chake cha picha, wote kwa mpigo mmoja. Ukiwa na darasa kali na mwalimu mzito, darasa linakaa linamsubiri. Ukiwa na mwalimu mkali na darasa dogo, mchezaji anakimbia uwanjani kama anaburuta jembe."

Ukacheka ukasema: "Shabani, unamwita Baba prosesa?"

"Ya zamani," akajibu, "lakini haigandi."

Nilijifanya sikusikia, lakini nilipendezwa. Nikamuuliza kuhusu konsoli. Akasema konsoli ni shule ya bweni: mwalimu na wanafunzi wamefungiwa jengo moja, wanakula jiko moja, wamelelewa pamoja na wanaelewana. Haisumbui. Gemu zinatengenezwa kwa kipimo chake, kwa hiyo hata ikiwa na nguvu ya kiasi, picha inakwenda vizuri. Ila huwezi kuongeza dawati. Ikizeeka, imezeeka yote. Kompyuta ni shule ya kutwa: leo unaongeza kumbukumbu, mwakani unabadilisha kadi, lakini inakula umeme, inatoa joto, na inataka mtu wa kuiangalia.

Uamuzi wangu ulikuwa konsoli. Nilikuambia kwamba Dumila ni joto, kwamba kadi kubwa zenye mapangaboi matatu si za huku kwetu, kwamba joto litaziua. Wewe ukanunua kompyuta mbili na konsoli moja. Nilikasirika. Nilikwenda kukutembelea huko mara moja tu, na sikukuambia nilivyoona. Nakuambia sasa. Niliona chumba kilichofanyiwa kazi kwa adabu. Kilikuwa nyuma ya maghala ya mazao, karibu na njia panda, kimefagiliwa, waya zimefungwa vizuri ukutani. Vijana wote walisema "Shikamoo, Mzee!" kwa sauti moja bila hata mmoja kuondoa macho kwenye skrini. Nilikaa kwenye benchi nikasikiliza.

"Toka hapo! Umefungwa tano na bado umeshika padi?"

"Padi mbovu hii."

"Padi mbovu au vidole vibovu?"

"Dada Eliwaza, mwambie huyu anipe padi yake tubadilishane, uone."

"Nibadilishane? Hata ukipewa na miguu yangu utafungwa."

Nawe ulikaa pembeni umekunja mikono, uso wako mkali, nikaona kwamba uso huo ni wangu. Nilirudi Kilosa nikamwambia mama yako kwamba chumba kina joto sana. Hilo tu ndilo nililomwambia.

Kisha kompyuta ya kwanza ikafa. Shabani akasema ni umeme kupanda na kushuka, ukanunua stabilaiza. Akakuwekea kadi nyingine. Kompyuta ya pili ikafa. Akasema huenda ni vumbi, ukazipuliza zote. Ile kadi mpya nayo ikafa, kabla hata stika yake haijachakaa. Akasema basi ni kadi za bandia. Mimi nikasema ni joto, kama nilivyotabiri. Konsoli peke yake ikabaki inafanya kazi kama siku iliyonunuliwa, na kwangu huo ukawa ushahidi uliotosha. Uliporudi nyumbani na mizigo yako nilisimama mlangoni nikasema maneno ambayo nayakumbuka yote: "Konsoli imepona kwa sababu waliotengeneza walifikiri. Kompyuta zimekufa kwa sababu aliyenunua hakusikiliza." Ulisema, "Sawa, Baba." Ndiyo ikawa mara ya mwisho sisi kuzungumza.

Mwanangu, nilipima nguvu ya prosesa, nikapima ukubwa wa kadi, nikapima joto. Nililinganisha mashine na mashine kama nilivyolinganisha watoto darasani, kwa alama. Sikuuliza swali ambalo mama yako angeuliza kabla ya kufika kwenye alama: kila moja ilikuwa inalala wapi?

Konsoli ni nyepesi. Wewe uliogopa wezi. Kila jioni uliifunga ndani ya kanga ukaenda nayo kulala kwa shangazi yako, ng'ambo ya barabara. Kompyuta hazikubebeka. Zilibaki ndani, madirisha yamefungwa, hadi asubuhi.

Sikuligundua hili kwa akili yangu. Mwezi uliopita nilipanda Mamboya kumsaidia baba yako mdogo Yohana kupukuchua mahindi. Unakumbuka nilipostaafu nilipewa ile kengele ya shaba ya mkono, na kwa kuwa hapa nyumbani ilikuwa inanitia huzuni, nilimpa Yohana aihifadhi. Yeye aliiweka ghalani, ndicho chumba pekee chenye kufuli. Safari hii nilitaka kuiona. Akaitoa. Sikuitambua. Kengele niliyokuwa nikiing'arisha kila Ijumaa ilikuwa nyeusi, na weusi wake haukuwa wa uchafu, maana niliisugua kwa mchanga na majivu haukutoka.

"Umeiunguza?" nikamuuliza.

"Niiunguze kwa lipi, kaka? Kila kitu cha shaba humo kinageuka. Kitasa kimegeuka. Hata redio ya marehemu Mama ilifia humo."

"Ilifia humo, na hukusema?"

"Niseme nini? Redio zinakufa, kaka."

"Humo ndani mnaweka nini?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina lake. "Mahindi. Na vidonge. Bila vidonge dumuzi anakuachia unga mtupu. Tunaweka, tunafunga, tunaziba mpaka chini ya mlango. Mbwa mwenyewe anajua hapiti hapo. Tukifungua, kwanza tunaacha upepo uingie mpaka kesho yake, ndipo mtu anatia mguu."

Yohana anajua, unaona. Kila mkulima wa wilaya hii anajua kwamba vile vidonge vinatoa hewa, na kwamba hewa ile haina huruma na kiumbe chochote chenye pumzi. Kila mwaka tunasikia habari za nyumba fulani, watu walilala karibu na magunia. Tunahuzunika, tunazika, tunasema hawakuwa waangalifu. Lakini sisi tunaiogopa ghalani tu. Hakuna anayefikiri kwamba hewa inapanda darini na kuteremkia chumba cha pili. Mimi nimelelewa katika mahindi, nimesoma, nimefundisha, wala sikufikiri.

Nilirudi Kilosa, nikatoa zile kompyuta zako zilizokufa chini ya kitanda, nikafungua moja kwa bisibisi yangu ya miwani. Nilikuwa najua ninachokitafuta. Yale mabomba madogo ya shaba juu ya kadi, yale yanayobeba joto, yalikuwa meusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Ncha za waya zilikuwa nyeusi. Nikaichukua kadi na konsoli yako, bila ruhusa yako, nikaenda navyo kwa Shabani. Nikamwambia afungue konsoli. Akaifungua. Shaba ya ndani ilikuwa safi, inang'aa kama sarafu mpya.

Shabani akaviweka pamoja juu ya meza, kadi na konsoli, akatazama kimoja, akatazama kingine. Akasema, "Basi konsoli walitumia shaba nzuri zaidi, Mwalimu."

"Hapana," nikamwambia. "Konsoli ilikuwa inalala kwa shangazi."

Hakunielewa mara moja. Alipoelewa aliacha bisibisi mezani, akaketi, na hakufanya tena utani.

Mwanangu, nilitembea kutoka sokoni hadi nyumbani nikiwa na furaha kubwa. Ndiyo, furaha. Nilikuwa nimepata la kukuambia. Nilitaka kusema: hukukosea wewe, wala kadi zako hazikukosea, na prosesa zako zilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeshapanga sentensi zangu. Nilipoingia nilikuta umekaa na mama yako jikoni unamwonyesha picha kwenye simu, nikasimama nyuma ya pazia ili umalize. Nikakusikia unasema: "Chumba chenyewe hiki, Mama. Kuta nene, hakina joto, Baba hatakuwa na la kusema. Kiko kwenye jengo la ghala la mahindi, kwa hiyo kuna mlinzi. Na mwenye nyumba anasema hakina hata mbu mmoja. Nitaweka kitanda nyuma ya pazia, nilale humo humo na mashine zangu. Safari hii haibebwi hata padi."

Mama yako akasema, "Kama hakuna mbu, afadhali."

Nilishindwa kuingia. Nilirudi uani. Kisha nikakumbuka jambo jingine, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ulipokuwa Dumila ulikuwa ukimpigia mama yako simu na kulalamika kwamba kila asubuhi ukifungua mlango na kufagia, kichwa kinakuuma, moyo unakuchafuka, halafu ikifika mchana, milango ikiwa wazi, unapona. Mama yako alinieleza. Nilimjibu kwamba ni kwa sababu ya kutazama skrini.

Sikukuambia siku ile kwa kuwa nilitaka kuwa na hakika. Nimezoea kutosema kabla sijahakikisha, na mazoea hayo, kama unavyoona, yananifanya nichelewe. Wiki iliyopita nilipomwambia mama yako kwamba nakwenda kumwona mwalimu mwenzangu Sesilia, nilikwenda kumwona kweli, anakaa Mikumi. Lakini kwanza nilikwenda kwenye chumba chako.

Mwenye nyumba, Mzee Kibwana, alinipokea kwa heshima. Ni mtu mzuri, na nataka ulijue hilo, kwa sababu tungempata mtu mbaya kazi yangu ingekuwa rahisi. Alifungua chumba akasimama katikati akapanua mikono.

"Mwalimu, tazama. Mende hakuna. Panya hakuna. Mbu, mimi nalala nyumbani kwangu ndani ya chandarua, lakini humu binti yako hana haja nacho. Hii ni neema tu."

"Ghala liko upande gani?"

"Huu hapa ukuta." Akaupiga kwa kiganja. "Mahindi ya msimu uliopita yamo, na ya msimu huu yanashuka sasa. Dumuzi akionekana, natia vidonge. Hanipati huyo."

Nikatazama juu. Ukuta ule hauendi hadi kwenye bati, Eliwaza. Unaishia darini. Juu ya mbao za dari, ghala na chumba ni kitu kimoja, chini ya bati moja, na kwenye pembe ubao mmoja umelegea kiasi cha kupitisha mkono. Hewa ya humo ilikuwa na harufu ndogo kama ya vitunguu saumu vilivyokaa, au samaki wa jana. Nikatazama chini. Kwenye mguu wa ukuta, sakafu ilikuwa imefagiliwa, lakini mfagiaji hakufika kwenye kona. Pale palikuwa na mijusi, imekauka, midomo wazi. Nilihesabu michache nikaacha.

"Kabla ya binti yangu alikuwemo nani?"

"Kinyozi mmoja. Kijana mpole. Alikuwa anaumwaumwa. Watu walisema alitupiwa kitu na wenzake wa kazi, mambo ya wivu. Akaondoka."

Nilimtafuta yule kinyozi. Sasa ananyoa chini ya turubai kando ya barabara kuu, pale malori yanapoegeshwa. Anaitwa Rama. Nilikaa kwenye kiti chake nikamwambia anipunguze nywele, ingawa hakuna za kupunguza.

"Chumba cha Mzee Kibwana?" akasema. "Mzee wangu, kile chumba hata mbu wamekihama. Mimi nani nisihame?"

"Ulikuwa unaumwa nini?"

"Kichwa. Kifua kinabana kama nimekaliwa. Asubuhi natapika, mchana nanyoa mzima kabisa, usiku tena. Nikaenda kwa mtaalamu akaniambia kuna jini la ukutani. Nikampa kuku."

"Na mashine zako?"

Akaacha kunyoa. "Nani kakuambia habari za mashine? Zilikuwa zinakufa. Mpya, nazitoa kwenye boksi, mwezi haujaisha zimekufa. Hii hapa unayoisikia kichwani kwako nilinunua siku niliyohamia hapa. Mpaka leo. Vumbi, jua, mvua, inanyoa tu."

Nilimweleza ninachokijua. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo lile halikuwa jini?" Nikamlipa, nikashuka kwenye kiti. Jini lingeweza kuridhika na kuku.

Nilirudi kwa Mzee Kibwana nikamweleza yeye pia, polepole, kwa adabu zote. Alicheka. Si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyeambiwa kwamba mkewe ni mgeni. "Mwalimu, mimi nimezeekea kwenye mahindi." Nikamwambia hata mimi nimezeekea kwenye mahindi. Nikamwomba moja kati ya mambo mawili: ahamishe magunia kwenye ghala lake la pili, au akupe kile chumba cha mbele, kinachotazama barabara, chenye bati lake peke yake. Akasema kile cha mbele ameshamwahidi mtu wa duka la dawa za mifugo, na magunia ni mengi. Akasema atafikiri. Nikamuuliza atafikiri lini. Akasema: "Ngoja kwanza niingize mahindi, nitie dawa, nifunge. Nikishatulia nitakupa jibu."

Umesikia mpangilio wake? Dawa kwanza, jibu baadaye. Nawe unafika kesho, katikati ya mambo hayo mawili.

Kwa bwana afya wa kata nilikwenda pia. Aliandika maelezo yangu, akaniahidi atapita. Sina sababu ya kumtilia shaka, wala sina uwezo wa kumharakisha.

Sasa, swali lako la mwanzo. Ulinitaka nikusaidie kupima, nikakupimia vibaya. Nakupimia tena. Kwa nguvu na kwa maisha marefu ya kazi, kompyuta yako ni bora. Nimeitazama hapa sebuleni. Umelinganisha prosesa na kadi vizuri, hakuna anayemngoja mwenziwe, na Shabani anakiri kwamba yeye asingeiunga vizuri zaidi. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo kwamba kitu kinachoweza kufunguliwa na kutengenezwa ndicho cha mtu anayetaka kukua. Lakini kwa sasa nakuomba uchukue konsoli, kwa sababu moja tu ambayo haimo katika maelezo ya mashine yoyote: unaweza kuibeba ukatoka nayo. Fungua milango na madirisha, waache vijana wacheze mchana na upepo unapita, na jua likianza kushuka ifunge kwenye kanga ufunge na mlango. Siku utakayoambiwa vidonge vimewekwa, usifungue kabisa, hata mchana. Sesilia amekuandalia kitanda. Nyumba yake ina mbu wengi sana, na ameniahidi chandarua.

Kompyuta iache hapa. Sikunyang'anyi. Itakaa juu ya meza yangu, si chini ya kitanda, na nitaipangusa mwenyewe.

Ile kadi iliyokufa nimeiweka ndani ya mfuko wako mkubwa, juu ya nguo. Usiitupe. Itundike ukutani Mikumi, mahali ambapo utaiona unapofunga kazi. Nimekaa nayo mkononi jioni nyingi. Kitu kilichotengenezwa kwa madini, kisichokula wala kupumua, kilichokaa usiku tu katika hewa ile, ndivyo kilivyogeuka. Naiangalia, nakuwaza wewe umelala nyuma ya pazia.

Uliporudi nyumbani mwaka huu na mashine zilizokufa, niliona hasara. Nilisimama mlangoni nikahesabu kilichopotea, nisione kwamba aliyebeba mizigo ile alikuwa anatembea kwa miguu yake. Leo ninaposikia shikamoo yako asubuhi, nasikia kwanza pumzi inayoitoa.

Karanga zimeiva, nasikia mama yako anazipepeta. Wewe utarudi muda si mrefu, utaniamkia, nitaitikia, na huenda nikashindwa tena kusema zaidi ya hapo. Barua hii nitaiweka ndani ya kanga, pamoja na konsoli, ili usiweze kuifungua mashine bila kuisoma. Kama utanikasirikia kwa kwenda Mikumi nyuma ya mgongo wako, kasirika, una haki. Kasirikia nyumbani kwa Sesilia.

Ukiamka siku yoyote na kichwa kizito, usinipigie simu. Toka nje kwanza, kaa palipo na upepo, kisha nipigie.

Mzee Kibwana hajaamua. Siku atakapoamua, iwe amehamisha magunia au amekupa chumba cha mbele, nami nikakwenda nikapanda ngazi nikatazama darini kwa macho yangu, nitakuandikia. Umeteseka na kunyamaza kwangu mwaka huu bila kujua kuna maana gani. Sasa nakupa maana yake mapema: kila siku itakayopita bila barua yangu, chumba kile bado hakina mbu.

Ni mimi baba yako.